Viazi vya Begonia Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Leo nimeaibika, na nimeaibika sehemu mbili kwa wakati mmoja: nusu yangu ndani ya nyumba, nusu yangu nje. Naandika haya nikiwa nyuma ya jikoni ya mama mkwe wangu, huku Kegonga, nimekaa kwa kigoda, suruali yangu inashonwa. Wacha niwaambie mwenyewe kabla shemeji yangu hajawaambia, kwa sababu yeye ana picha.

Tuanze na maua, maana bila maua haya mengine hayaeleweki.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Homa Bay. Milango, madirisha, mageti, vitanda vya bweni, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini mbele ya nyumba yangu, chini ya ukingo wa paa, huwa naning'iniza vikapu kumi na tisa vya waya nilivyovisuka kwa mkono wangu. Ndani navitandika gugu maji lililokaushwa (lile lile linalosumbua wavuvi ziwani, kwangu lina kazi), najaza udongo mwepesi, na ndani ya kila kikapu napanda begonia. Si zile za majani tu mnazoona kwa ofisi za watu. Hizi ni begonia za viazi. Zinachanua maua makubwa yanayomwagika pembeni ya kikapu: mekundu, ya rangi ya machungwa, meupe yenye ukingo wa waridi, na kikapu kimoja cha manjano ambacho nakipenda kuliko vingine na sifichi. Watu wakipita barabarani wanasimama. Mimi ndiye mtu wa kwanza mtaani kwetu kuning'iniza kitu ambacho si nguo. Nasema hivyo kwa majivuno na siombi msamaha.

Sasa, begonia ya viazi ina tabia moja. Inataka kulala. Ikifika Desemba na jua likianza kuwa kali, unapunguza maji kidogo kidogo. Majani yanageuka manjano, shina linaanguka lenyewe, na majirani wanakuja kukupa pole. Wewe unatabasamu tu. Unachimbua kiazi, na ni kitu kibaya kukitazama: cha kahawia, bapa, kina vinyweleo, na upande wa juu kimebonyea kama kisahani. Unakianika kivulini siku chache, unakizika ndani ya unga wa mbao mkavu, unakiweka mahali pa giza na baridi, unakisahau mpaka mvua ya Machi. Hapo ndipo unapokiamsha.

Giza Homa Bay lipo. Baridi ndiyo hatuna. Mwaka wa kwanza nilivionea viazi huruma, nikaviacha kwenye vikapu na kuendelea kuvimwagilia. Vilioza vikawa uji. Mwaka wa pili niliviweka kwa rafu ya karakana, chini ya mabati. Nilipovifungua vilikuwa vimesinyaa, vyepesi kabisa, ukivitikisa vinalia. (Kuna watu wanasema pia kwamba mara ya kwanza nilivipanda juu chini, ule upande uliobonyea ukitazama udongo. Sijui nani aliwaambia. Ni kweli lakini.)

Mke wangu Robi ndiye aliyepata njia. Robi ni mwalimu, na kwao ni huku Kegonga, ukuriani, ambako jioni mtu anatafuta sweta. Akaniambia, "Peleka kwa Mama. Chini ya kitanda chake jua halipajui, na panya wanaogopa paka wake." Tukapeleka. Machi mwaka jana Robi akaenda mwenyewe kuvichukua, na viazi vyote viliamka vizima. Nilipanda, vikachanua, mtaa ukasimama. Kwa hiyo Desemba iliyopita nilivifunga tena vyote kumi na tisa katika katoni moja kubwa. Nikatoboa matundu mawili ubavuni, nikapitisha kamba ya katani juu yake iwe mpini, na nikaandika kwa kalamu nene: MAUA. USIGUSE. Robi akapeleka, Mama akasukuma chini ya kitanda.

Hapa lazima niwaeleze jambo wale wa mbali. Mimi ni Mjaluo, wakwe zangu ni Wakuria. Kuna mambo mengi ambayo hatukubaliani, mengine tukianza tutalala hapa. Lakini juu ya mama mkwe tunakubaliana kabisa. Mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Hali naye meza moja. Wakiwa na neno la kuambiana, wanatafuta mtu wa katikati apitishe. Miaka tisa nimeoa binti yake, na mama huyu ninamjua kwa sauti, kwa leso na kwa miguu. Polisi wakiniambia nimwelezee, ningeeleza miguu tu.

Na mimi hiyo adabu nimeishika vizuri. Nilipokuja kuposa, wajomba wa Robi walinong'ona wakidhani sisikii: huyu kijana wa ziwani anafuga maua? Mwanamume mzima? Sikuwa na ng'ombe wengi wa kuwanyamazisha. Nilikuwa na adabu tu. Nikajiambia, nikiwa na kitu kimoja katika boma hii, kitakuwa jina la mkwe asiyekosea. Miaka tisa sijakosea hata mara moja. Wajomba wenyewe siku hizi wananitaja kwa vijana wao. Jina hilo ndilo nililokuja nalo Kegonga leo asubuhi.

Mvua mwaka huu ilichelewa. Ilinyesha Homa Bay Jumanne, ikarudia Jumatano, na mimi nikaanza kuhangaika. Vikapu viko tayari, udongo uko tayari, viazi viko Kegonga. Robi ana shule mpaka Ijumaa jioni. Na sisi ni Wasabato: Ijumaa jua likizama, udongo mkononi basi. Nikaamua nitoke leo Ijumaa saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki yangu, nichukue katoni, nirudi mchana, nipande zote kumi na tisa kabla ya Sabato.

Nikiwa navaa gizani Robi akaniambia kutoka kitandani, "Ukifika ukae sebuleni. Mngoje Mama. Usiguse kitu."

Nikasema, "Sawa." (Kila aliyeoa anaijua hiyo sawa.)

Nilifika saa tatu. Boma ilikuwa kimya. Hapakuwa na mtu isipokuwa Chacha, kaka yake Robi, amekaa nje anapiga mswaki. Chacha anafanya kazi migodini upande wa Macalder, na alikuwa amerudi nyumbani usiku wa jana tu.

"Shemeji, karibu. Mama ameenda kwa chama cha akina mama. Atarudi jioni."

"Jioni? Mimi jioni nataka niwe nimeshapanda."

"Si ungoje tu. Kwani hayo maua yana haraka gani?"

Nikamweleza habari ya mvua na Sabato. Nikamwambia, "Chacha, wewe ni mtoto wa hapa. Ingia unitolee katoni."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mimi ni mtu mzima, nimetahiriwa. Chumba cha Mama naingiaje?"

Alikuwa na haki. Tukakaa tukitazama nyumba, wanaume wawili wenye nguvu, na katoni iko hatua nne kutoka kwetu. Mawingu nayo yalikuwa yanakusanyika juu ya vilima.

Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia dirisha.

Dirisha la chumba cha Mama nililitengeneza mimi. Miaka mitatu iliyopita, zawadi. Nilipewa vipimo kwa simu, nikaliunda Homa Bay, nikalituma, na fundi wa hapa Kegonga akalifunga ukutani. Ni dogo, la chuma, lina kipande kimoja kinachofunguka nje, na kwenye fremu upande wa chini nilichomelea kichuma kinachosimama, kile cha kushikilia dirisha lisipigwe na upepo. Kwa mara ya kwanza leo nililiona likiwa mahali pake. Nilipitisha kidole kwenye maungio. Kazi safi. Sikuona hata tundu moja.

"Chacha," nikasema, "kuingia ni kufanya nini?"

"Kuingia ni kuingia."

"Ni kukanyaga. Mtu ambaye hajakanyaga sakafu hajaingia."

Chacha akafikiri mswaki ukiwa mdomoni. "Hiyo inaweza kuwa kweli," akasema.

Nikatafuta kipande cha chuma nyuma ya zizi, nikakipinda ncha kwa jiwe kikawa ndoano. Nikageuza ndoo, nikapanda juu yake, nikafungua dirisha. Nilifunga macho kwanza, kwa heshima, halafu nikakumbuka kwamba sitaweza kuvua katoni macho yakiwa yamefungwa. Nikayafungua nikatazama sakafu tu. Chini ya kitanda, gizani, niliona mwandiko wangu mwenyewe. MAUA. USIGUSE.

Sijui niwaelezee vipi furaha niliyoisikia. Miezi mitatu sijaviona viazi vyangu.

Nikaingiza mkono na ndoano. Haifiki. Nikaingiza mabega. Inagusa, haishiki. Nikavuta pumzi ndani, nikaingiza kifua, halafu tumbo. (Vipimo vya dirisha havikujali tumbo. Wakati ule sikuwa nalo.) Ndoano ikashika kamba ya katani. Nikavuta taratibu, katoni ikateleza hadi chini ya dirisha. Nikaiinua kwa ndoano kama ndoo ya kisima, nikaidaka kwa mikono miwili, ndoano ikaanguka.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Na ilikuwa na joto. Begonia haina joto, hilo nalijua vizuri sana. Lakini nilikuwa na furaha na nikajiambia, vimeamka.

Nikainamisha uso nione machipukizi.

Kuku ndiye aliyeniona kwanza.

Alitoka ndani ya ile katoni kwa kelele ambazo nadhani zilisikika Tanzania. Alinidonoa puani, akanipiga mabawa masikioni, akapita juu ya kichwa changu, akarudi, akatua juu ya kitanda cha Mama na kuendelea kunitukana kutoka huko. Mimi niliruka. Nikapiga ndoo teke. Ndoo ikaondoka, mimi nikabaki.

Nikabaki nikining'inia, naam, mimi mwenyewe. Kifua, kichwa na mikono ndani. Miguu nje, hewani. Na mshipi wangu wa suruali ulikuwa umekwama sawasawa kwenye kile kichuma cha kushikilia dirisha. Nikajitikisa. Hakikutikisika. Nawaambia ukweli, hata katika hali ile kuna sehemu yangu iliyosema: huyo aliyechomelea hiki kitu ni fundi.

Nikatazama ndani ya katoni. Hakukuwa na kiazi hata kimoja. Kulikuwa na unga wangu wa mbao, umechimbwa katikati vizuri, na mayai. Niliyahesabu kumi na moja. Moja lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kitu kililia.

"Shemeji," Chacha akaita kutoka nje, "umepata?"

"Nimepata mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya kuku, Chacha. Nivute."

Akashika miguu akavuta. Suruali ikaanza kuteremka, mimi nikabaki pale pale. Nikamwambia aache. Nikaanza kupima njia zangu, na zilikuwa mbili. Nikijisukuma mbele, mshipi utachomoka, nitaangukia ndani ya chumba cha mama mkwe wangu kichwa kwanza. Nikifungua mshipi nivutwe nyuma, nitatoka bila suruali. Na njia zote mbili zilitaka mikono, na mikono yangu ilikuwa imebeba watoto wa kuku wa Mama siku yao ya kuzaliwa. Nikiiachia katoni, kutoka pale hadi sakafuni kulikuwa na umbali wa kutosha kuyavunja yote.

Sikuiachia. Mkulima anajua kitu kinachoamka.

Ndipo nikasikia akina mama wakiimba.

Walikuwa kumi au kumi na wawili, chama kizima, wanakuja kwa njia ya nyuma ya boma wakiwa na furaha zao. Kumbe leo mkutano ulikuwa unahamia kwa Mama. Chacha hakuwa na habari. Nilisikia akikimbia, nikafikiri amenitoroka, lakini hapana: alikuja kusimama mbele ya makalio yangu na kutandaza koti lake.

"Karibuni, akina mama. Karibuni sana," nikamsikia.

"Asante, Chacha. Hiyo ni nini imetoka kwa dirisha?" Sauti hiyo baadaye nilikuja kujua ni ya Mama Gati, mwenyekiti wa chama.

"Ni mgeni."

"Mgeni wa wapi anaingilia dirishani?"

"Anapumzika," akasema Chacha.

Halafu kuku akapiga kelele nyingine, na nikasikia mlango wa mbele ukifunguka na miguu ikija haraka sebuleni. Naijua hiyo miguu. Nikasali sala fupi sana, na mlango wa chumba ukafunguka.

Mama alikuja kumtazama kuku wake. Akanitazama mimi.

Miaka tisa. Hakuna pa kutazama ukiwa umekwama hivyo, shingo inakwenda inapotaka. Nilimwona uso mzima. Ana mwanya mdogo wa meno kama wa Robi, na nyusi kama za Robi zinapoinuka. Sikuwahi kujua Robi alitoa wapi zile nyusi. Niliona haya, nawaambia, haya ya kweli, hadi masikio yakaniwaka. Na nikasema kitu pekee kilichokuja mdomoni.

"Habari ya asubuhi, Mama."

Mama akageuka akatazama ukuta. Akavuta leso akafunika kichwa. Alipozungumza, alizungumza na ukuta, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Chacha."

"Naam, Mama," Chacha akaitika kutoka nje, nyuma yangu.

"Muulize mkwe amebeba nini."

"Shemeji, Mama anauliza umebeba nini," Chacha akasema, na sauti ikapitia kwenye nafasi iliyobaki kati ya tumbo langu na fremu.

"Mwambie Mama ni mayai yake. Moja linaanguliwa."

"Mama, anasema ni mayai yako, moja..."

"Nimesikia. Mwambie asiyaachilie."

"Shemeji, Mama anasema usi..."

"Siachilii!"

Tukaenda hivyo, maneno yakizunguka nyumba nzima kumfikia mtu aliye hatua mbili. Nje nilisikia akina mama wamenyamaza, kule kunyamaza kwa watu wanaouma leso. Mama akavuta kigoda kwa mguu, kinyumenyume, macho bado ukutani, akakisukuma hadi chini ya mikono yangu. Kisha akaweka kingine juu yake, kwa mguu pia. Sijui alifanyaje. Nikaishusha katoni taratibu. Hakuna yai lililovunjika. Liandikwe mahali.

"Chacha, mimi natoka sasa. Mwambie mkwe afanye atakavyofanya, arudi alikotokea."

Akatoka, akafunga mlango. Mikono yangu sasa ilikuwa huru, na njia zilikuwa bado mbili. Mbele ni chumba. Nyuma ni chama. Nikajiuliza ni aibu ya nani iliyo bora, ya kwake au ya kwangu. Nikafungua mshipi.

"Vuta," nikamwambia Chacha.

Akavuta. Nilisikia kitambaa kikipasuka, halafu nikatoka kwa mara moja, nikaanguka chali juu ya nyasi mbele ya chama kizima cha akina mama. Suruali ilibaki dirishani, imeshika vizuri. Na mimi nilikuwa, kama mnavyokumbuka, nimevaa gizani. Nilichokuwa nimevaa ndani haikuwa bukta yangu. Ilikuwa bukta ya timu ya netiboli ya wasichana, ambayo Robi ndiye mwalimu wao. Ya manjano. Ina namba.

Mama Gati akainama akaisoma. "Saba," akawaambia wenzake.

Hapo ndipo Chacha alipopiga picha. Hapo pia ndipo akina mama waliposhindwa, na sitawaeleza walivyocheka. Mmoja alikaa chini kabisa. Leso ikaja ikirushwa kutoka mlangoni, nikaifunga kiunoni, nikasimama nikiwa natafuta njia ya kwenda kwa pikipiki yangu bila kupita mbele ya mtu.

"Chacha," sauti ya Mama ikatoka nyuma ya mlango. "Mwambie mkwe asiende. Waambie wageni waende nyuma ya jikoni. Na yeye aende nao. Ndiyo sababu niliwaita."

Tukaenda. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimeinamisha kichwa, natazama visigino vya watu. Visigino vikasimama kimoja kimoja. Nikainua uso.

Chini ya ukingo wa paa la jikoni, upande wenye kivuli, vilining'inia vitu kumi na tisa. Sufuria zilizotoboka. Mikebe ya mafuta ya kupikia. Madebe yaliyokatwa nusu. Vyote vimefungwa kwa waya, vimetandikwa majani makavu ya migomba mahali pa gugu maji langu, na kila kimoja kina begonia. Majani makubwa, ya kijani kibichi, yenye afya kuliko yangu yoyote niliyowahi kupata. Machipukizi yamejaa vitumba. Na katika sufuria moja kuukuu, ua moja lilikuwa limeshafunguka. La manjano.

Vilianza kuchipua mwisho wa Januari, Mama akaeleza, kupitia kwa Chacha, akiwa amesimama pembeni ya jikoni ambako simwoni. Alifungua katoni akaona vimetoa vichwa. Akampigia Robi simu, Robi akamweleza la kufanya: udongo mwepesi, upande uliobonyea utazame juu, maji kidogo, usilowanishe katikati. Katoni ilipobaki tupu, kuku akaipenda. Na Robi aliombwa asiniambie, kwa sababu Mama alitaka kunisikia nikishangaa.

Alinisikia.

Ningependa kusema nilisema neno la maana. Nilisimama tu nimeshika leso, nikienda sufuria hadi sufuria, nikigusa majani kwa chini jinsi ninavyofanya nyumbani. Hakuna hata moja aliyoipanda juu chini. Macho yalilowa kidogo, na kama Chacha ana picha ya hilo pia, basi anayo.

"Chacha, waambie," Mama akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, ya mtu anayetaka kusikika hadi kwa jirani. "Waambie hii kitu inakauka kabisa, unaizika, watu wanakuhurumia, halafu inaamka. Waambie mwenye ujuzi huu ni mkwe wangu. Wa Homa Bay."

Chacha akawaambia, ingawa kila mtu alikuwa ameshasikia. Mimi nilivimba kichwa pale pale, ndani ya leso.

Lakini Mama Gati ni mwenyekiti, na mwenyekiti lazima aulize. "Sawa, maua tumeyaona. Lakini hilo la dirishani tulipite hivi hivi? Ameingia chumba cha mama mkwe. Hilo si jambo la kuacha tu."

Miaka tisa, nikajiambia, imeishia hapa.

"Hajaingia," mama mwingine akasema. "Miguu ilikuwa nje, tuliiona wote."

"Kichwa kilikuwa ndani. Mtu ni kichwa."

"Mtu ni miguu. Wewe ukiingia nyumba ya watu unapanguza miguu, hupanguzi kichwa."

Wakabishana hivyo kwa muda, mtu ni nusu ipi, na mimi nimesimama katikati yao na namba saba yangu. Mwishowe mtu akasema aulizwe mwenye chumba. Wote wakageukia pembe ya jikoni.

Mama hakuharakisha. Nilisikia akikohoa kidogo.

"Chacha, waambie. Siku dirisha lile lilipofungwa, fundi aliingia chumbani mwangu siku mbili nzima na udongo wake, na hakuna aliyeuliza kitu. Leo fundi aliyelitengeneza amekuja kukagua kazi yake. Huyo ndiye aliyeingia. Mkwe wangu alikuwa nje. Nyinyi wenyewe mliona miguu yake."

Mama Gati akatikisa kichwa kukubali, halafu akanisogelea na kuniuliza polepole kama naweza kumtengenezea dirisha kama lile, maana dirisha linaloshika mtu mzima hivyo hajaliona popote.

Suruali iko karibu kwisha kushonwa. Chai imeletwa. Vifaranga wanane wametoka. Saa kumi ya jioni imeshapita na leo sitaweza kufika nyumbani kabla ya jua kuzama, kwa hiyo Sabato nitaifanyia huku, na begonia zitaniangalia.

Kwa hiyo Chacha akiwatumia ile picha, mcheke fundi mpaka mchoke. Mkwe muacheni, ana heshima zake.